Mbwa Huyu ni wa Nani?

Habari za upande wetu zikiandikwa, mara nyingi huandikwa habari za mlima Meru, nao wastahili, maana kimo chake chapita mita 4,500, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuupanda. Huandikwa pia habari za kahawa, na za twiga na nyati walio katika hifadhi. Lakini habari za wanyama walalao mlangoni petu, wale watulakio jioni tukitoka shambani, hazipati mwandishi. Basi mwezi huu tumeona vema kuandika habari za mbwa, pamoja na jambo lililotupata sisi wenyewe nyumbani, ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kulisema.

Kwanza tuwaeleze jinsi tukaavyo. Engutoto ni kata mojawapo ya jiji la Arusha, na kila mwaka nyumba za matofali huongezeka na mashamba hupungua. Walakini ukishuka bondeni kuelekea mtoni utakuta bado migomba, na mahindi, na maharage chini yake, na ng'ombe wawili watatu wakilishwa bandani. Kazi ya siku huanza gizani. Akina mama hukamua, watoto hukata majani kabla ya kwenda shule, na mwenye zamu ya maji hushika jembe lake aende kufungua mfereji upesi, maana akichelewa maji yamekwisha kupita kwa mwenzake, na hapo ugomvi huanza. Njiani hupita punda wa akina mama wa Kiarusha na wa Kimaasai, wamebebeshwa magunia na madumu. Mama mwenyewe hufuata nyuma na kifimbo, akiwasema punda wake kama asemavyo wanawe. Siku ya Jumamosi wengi huelekea soko la Tengeru, na bonde hubaki kimya hata saa tisa.

Jioni kila mtu ana lake la kuupumzisha moyo. Wazee wana bao, wala usimwulize mzee neno la maana huku kete zi mkononi mwake. Watoto nao huchimba vishimo vyao ardhini wakacheza kwa mbegu, au huunda magari ya waya na kuyaendesha barabarani kwa kelele nyingi kuliko magari yenyewe. Jirani yetu mmoja afuga njiwa, naye husimama uani akiwahesabu warudipo, na akikosekana mmoja hali chakula cha usiku mpaka amemwona. Kijana mwingine ametundika mizinga ya nyuki mpakani mwa shamba lake. Asali aliyoipata si nyingi, lakini tangu nyuki wale waingie, wezi wa ndizi wamepungua kuliko wakati alipokuwa na mlinzi wa mshahara.

Paka twamfuga kwa ajili ya panya, kwa kuwa mahindi yasiyo na paka hayafiki masika. Wala paka haulizwi ni wa nani. Yeye ni wa kila jiko lenye moto.

Mbwa ni habari nyingine. Kazi yake ni nzito, maana mahindi yakikomaa tumbili huja mchana, na usiku huja nguruwe wa porini kwa wale wakaao karibu na msitu, na fisi bado husikiwa. Mbwa ndiye awatangulia wote kusikia. Watoto humpenda kupita kiasi, hata hummegea matonge yao kwa siri. Na siku ya Jumapili mbwa hufuata watu mpaka mlango wa kanisa, na sisi tufundishao tumelazimika kumweka mzee mmoja mlangoni na fimbo, kwa sababu mbwa wawili walipogombana katikati ya sala, hakuna aliyekumbuka sala ilikuwa imefika wapi.

Majina ya mbwa nayo ni habari ya kuandikwa. Wako akina Simba, na Chui, na Popi, hao ni wengi. Lakini wako pia mbwa waitwao Watasema, na Hayawahusu, na Mtachoka. Mtu akiwa na neno na jirani yake, na hapendi kumwendea uso kwa uso, humpa mbwa jina hilo, kisha humwita kwa sauti kubwa kila jioni karibu na ua. Twamfahamu mama mmoja aliyemwita mbwa wake hivyo miaka mitano. Yule jirani aliyekusudiwa alikwisha hama mwaka wa kwanza, lakini mbwa jina lake halibadiliki.

Wa kwetu aliitwa Subira. Alikuja mdogo sana, aliwafuata watoto wetu kutoka sokoni, naye alikuwa mwekundu, mguu mmoja mweupe. Hatukumfukuza. Wala, tukisema kweli, hatukumpokea. Watoto walimpa ugali na maji ya dagaa, akalala chini ya kibanda cha kuni, akabweka usiku, na asubuhi tukamsifu. Lakini bwana mifugo alipopita siku moja akitangaza kwamba mbwa wote wapelekwe kuchanjwa, sisi tulisema, "Huyu huja tu kula, si wetu hasa." Tukabaki nyumbani. Miaka minne ilipita hivyo. Tulipokea ulinzi wake kama mali yetu, na gharama yake tukaiachia barabara.

Hata mwaka mmoja, mwezi wa pili, wakati watu wakitayarisha mashamba, Subira alibadilika. Siku mbili hakula. Alijificha chini ya kuni, na alipoitwa hakutikisa mkia, bali alitazama tu kama mtu asiyetufahamu. Akatafuna kipande cha ukuni mpaka ufizi ukatoka damu. Sauti yake nayo ikawa si ile, ikakwaruza kama sauti ya mtu mwenye mafua. Haya yote sisi tuliyaona kwa macho yetu. Tukasema labda amekula sumu ya panya, tukaendelea na kazi.

Siku ya tatu akatoka. Akashuka mpaka kwenye mfereji, na huko alimkuta binti wa jirani yetu, mtoto wa miaka saba, akiteka maji. Akamwuma mkono na mguu, bila kubweka. Vijana waliokuwa wakilima karibu wakaja na majembe, wakamwua papo hapo, wakamtupa korongoni. Jioni mwenyekiti wa mtaa akawakusanya watu, akauliza, "Mbwa huyu ni wa nani?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema alimwona mara nyingi upande wa juu. Mwingine akasema mbwa wa siku hizi hawana wenyewe. Wako waliojua kwamba hula kwetu, lakini kwa heshima wakatuachia tujibu wenyewe. Nasi tulikuwapo, tumesimama kati ya watu, kitabu cha nyimbo kwapani kwa kuwa tulikuwa tukitoka kufundisha. Tukanyamaza.

Msomaji asidhani tulinyamaza kwa sababu ya fedha tu. Fedha zilikuwamo, hatukatai. Lakini zaidi tuliogopa kwamba watu watasema, tazameni, mwalimu awafundishao wengine hawezi kutunza hata mbwa wake. Mkutano ukavunjika. Mtoto akapelekwa kwao, na bibi yake akampaka majivu na ugoro katika vidonda, akamfunga kitambaa, akasema, "Kuumwa na mbwa si jambo kubwa. Mimi mwenyewe niliumwa mara mbili, nami nipo." Na kwa habari waliyokuwa nayo alisema sawa. Kwao alikuwa mbwa mkali tu.

Usiku ule hatukupata usingizi. Ilipofika kama saa nane, mama watoto akasema gizani, "Baba watoto, wale hawajui."

Tukamwuliza, "Hawajui nini?"

Akasema, "Hawajui kwamba siku mbili hakula. Sisi ndio twajua. Mbwa amekufa na habari yake imebaki humu ndani."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi tulikuwa tumelisikia neno hilo tangu utoto, lakini hatukufikiri kwamba mtu aweza kuficha maradhi ya mbwa ili yamfichue mtoto wa watu. Kabla hapajapambazuka tulikuwa tumesimama mlangoni kwa jirani. Tulipiga hodi. Baba wa mtoto akatoka na taa. Tukamwambia, "Ndugu, mbwa yule alikuwa wetu, naye alikuwa mgonjwa." Tukaeleza yote, ugali, na ukuni, na sauti. Hakutujibu neno. Alirudi ndani kumwamsha mkewe.

Bibi alitaka kukataa kitambaa kisifunguliwe, lakini mama wa mtoto akakifungua. Tukaviosha vidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika, robo saa nzima kwa saa ya mkononi, mtoto akilia na sisi tukihesabu dakika. Kukipambazuka tukaenda zahanati, na huko hapakuwa na dawa ya sindano hiyo. Tukapanda gari mpaka hospitali kubwa zaidi. Daktari aliuliza maneno matatu: Mbwa alikuwa na mwenyewe? Alikuwa amechanjwa? Kabla ya kuuma alikuwa na hali gani? Tulijibu sisi, maana hapakuwa na mwingine wa kujibu. Alipokwisha kusikia hakungoja, sindano ya kwanza ikachomwa siku ile ile.

Akatuambia pia neno ambalo tungependa kila kijana alisikie. Kumwua mbwa aliyeuma na kumtupa ni kutupa ushahidi. Mbwa aliyeuma, ikiwa aweza kufungiwa mahali pa salama bila mtu kuumwa tena, hutazamwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi siku aliyouma hakuwa na sumu ya ugonjwa katika mate yake. Na akifa, au akiuawa, kichwa chake chaweza kupelekwa kwa wataalamu wa mifugo waupime ubongo. Wa kwetu alikuwa korongoni, na fisi hawangoji siku kumi. Lakini mtoto asingojeshwe kwa ajili ya kumtazama mbwa. Matibabu huanza mara moja, kisha habari ya mbwa hufuata.

Ugonjwa huu ndio kichaa cha mbwa. Waletao ni virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kidonda, na kutoka hapo havikimbilii damu, bali hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa juma moja au kufika mwaka. Katika muda huo mtu hucheza, hula, huenda shule, na wazazi husema amepona. Kisha homa huanza, na kuogopa maji, na fadhaa. Ikifika hapo hapana dawa, na karibu wote hufa. Kwa hiyo muda ule ambao mtoto aonekana mzima ndio muda pekee wa kumwokoa. Sabuni na maji huondoa virusi vingi kidondani, na sindano huufundisha mwili kupigana kabla adui hajafika juu. Majivu, na ugoro, na pilipili, na nywele za mbwa yule zilizochomwa, havifanyi kazi hiyo hata kidogo, tena huchukua nafasi ya sabuni.

Wazee wengi huogopa hospitali kwa sababu wakumbuka sindano za zamani, zilizochomwa tumboni siku nyingi mfululizo. Hizo zimekwisha kuachwa. Siku hizi huchomwa begani, nazo ni chache, lakini lazima zitimizwe zote kwa tarehe zake. Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kuokolewa hivyo alikuwa mtoto wa miaka tisa, jina lake Joseph Meister. Mbwa alimwuma mwilini mahali pengi, mama yake akampeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, ambaye hakuwa tabibu, na tarehe 6 Julai 1885 akaanza kuchomwa chanjo ambayo ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa. Alipona, na alipokuwa mtu mzima akawa mlinzi katika chuo kilichopewa jina la Pasteur. Ndiyo kusema kwamba dawa hii ina umri wa miaka zaidi ya 130. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa, kama 40 kwa mia ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa nchi yetu, wataalamu waliofuatia habari za majeraha ya mbwa waliandika mwaka 2002 kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapata 1,500 kwa mwaka. Wale waliotajwa katika hesabu za serikali walikuwa wachache mno, kama kumi na mmoja tu. Waliosalia walifia majumbani, na pengine jirani wakasema wamerogwa.

Turudi kwa binti yule. Sindano haikuwa moja, na kila mara tulikwenda pamoja naye na mama yake. Mbuzi wetu jike tulimwuza kwa nauli na dawa, nasi hatulitaji hilo kwa kujisifu, maana deni lilikuwa letu. Baba yake alifuatana nasi mara ya kwanza, na njia nzima hakusema nasi. Mara ya pili alisema habari ya mvua. Hata sindano zilipokwisha, hofu haikuisha. Kila asubuhi mama watoto alikwenda kuchungulia uani kwao kwa kisingizio cha kuomba moto au chumvi, na akirudi alisema tu, "Anakunywa maji." Tulihesabu mwezi wa tatu, na wa nne, na wa tano. Ulipopita mwaka mzima, bibi yake alituletea mkungu wa ndizi, akauweka chini, akasema, "Majivu yangu yalisaidia pia." Hatukubishana naye.

Baada ya jambo hilo wako watu waliosema dawa ni moja tu: mbwa wote wauawe. Waliwekewa sumu usiku mmoja, na asubuhi tuliokota mbwa wa yule mfuga njiwa, mbwa mpole asiyeuma hata mgeni, na kuku watatu. Nasi twasema wazi kwamba jambo hilo si jema, wala halifai. Mbwa mmoja akiuawa, nafasi yake hujazwa na mtoto wa mbwa mwingine aliyezaliwa juzi, ambaye hajachanjwa. Wataalamu waliotembea vijijini kaskazini mwa Tanzania wakihesabu mbwa waliona kwamba wengi sana wa hao wazururao njiani wana wenyewe. Ni mbwa wenye nyumba kama Subira alivyokuwa na nyumba. Na katika mahali pengi imeonekana kwamba mbwa wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita, ukazimika wenyewe kama moto uliokosa kuni.

Kama mtu adhani haya ni maneno ya vitabuni tu, na atazame kisiwa cha Pemba. Huko nako mbwa wapo, nao hufugwa na watu kulinda mashamba na kuwinda. Kichaa kilikuwapo kisiwani, na mwaka 2010 wakaanza kuwachanja mbwa kila mwaka. Ilipofika Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Lakini mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa, maana chanjo ilikuwa imelegea. Wakaanza upya kuchanja kwa bidii, na katika Oktoba 2018 ukazimwa mara ya pili. Sisi tulio bara hatuna bahari ya kutuzunguka, na mbwa wa mtaa wa pili hufika kwetu kwa kuruka mfereji, kwa hiyo kazi yetu ni kubwa kuliko yao.

Wengine husema kwamba chanjo haiwezi kufika mahali pasipo na umeme, kwa kuwa yataka barafu. Hilo nalo limetazamwa, tena hapa hapa Tanzania. Chanjo ya namna moja ya mbwa ilipimwa ikaonekana kwamba hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita katika joto la digrii 25, au miezi mitatu katika digrii 30. Kisha wakaunda vyombo vya udongo vya kuiwekea, ambavyo hupoa kwa maji yanayokauka, kama mtungi wa bibi upoavyo kivulini. Tuliposoma habari hiyo tulicheka kwa furaha, maana wafinyanzi tunao.

Siku bwana mifugo alipotangaza tena, tulikwenda sisi kwanza, na kengele tukaipiga ili watu wasisahau. Ingefaa muione siku ile. Mbwa ambao maisha yao yote hawajaona kamba walivutwa na watoto kutoka kila upande, wengine wakabebwa mgongoni kama watoto wachanga, na mmoja aliletwa ndani ya toroli akiwa amefungwa kanga ya mama, kichwa nje. Mzee mmoja alikuja na mbwa saba. Mwandishi alikaa chini ya mti na daftari lake, na kwa kila mbwa aliuliza jina la mbwa na jina la mwenyewe, kisha akaandika cheti. Ndipo tulipojua majina mengi yaliyokuwa yakisemwa uani tu. Mama yule tuliyemtaja alipoulizwa jina la mbwa wake alisita kidogo, akasema, "Andika Popi."

Walikuja pia mbwa wachache walioingia wenyewe kwa kufuata wenzao. Mwandishi aliinua kalamu akauliza wa nani. Watu walinyamaza kidogo, kama siku ile. Kisha yule kijana wa nyuki akasema mmoja ni wake, kwani hulala chini ya mizinga yake, na mama muuza maandazi akamchukua mwingine, na wa mwisho, mzee kipofu wa jicho moja ambaye hakuna aliyemtaka, aliandikwa kwa jina la kanisa, naye ndiye alaye kwetu sasa. Huchanjwa kila mwaka, na cheti chake tumekiweka pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, kwa kuwa hatuna sanduku lingine lifungwalo.

Binti wa jirani yu darasa la tano. Baba yake amefuga mbwa, naye mtoto humlisha mwenyewe kila jioni, lakini humwekea chakula mbali, akasimama nyuma ya mlango mpaka amalize. Na maji huteka kwenye mfereji ule ule, ila hupita njia ya juu, iliyo ndefu zaidi, ambayo haipiti karibu na kibanda chetu cha kuni.